Biashara Hii ni ya Nani?

Siku yangu ya kwanza kwenye dawati la vyeti, pale Likoni, nilivaa viatu vipya vikanibana, na Mkaguzi Mkuu akaniambia nivivue. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi nililopewa, na sisemi kwa mzaha. "Madamu," alisema, "hii kazi ni ya kutembea. Kama miguu inauma utaandika ripoti ukiwa umekaa, na ripoti ya kukaa ni uongo." Nikavivua. Nikashinda kutwa nzima na ndara za mama aliyekuwa akifagia ofisi, na jioni nilimrudishia zimejaa vumbi la Mtongwe mpaka nikaona haya.

Mkaguzi Mkuu alikuwa mtu wa bara, kutoka pande za Machakos, mrefu, mkavu, hakosi chupa yake ya uji. Kiswahili chake kilikuwa cha mkato, na mimi mwana wa Likoni nilikuwa nikimcheka moyoni. Akiniita, naitika "Abee," naye huinua macho aone kuna nini, kwa kuwa kwao mtu mzima haitiki hivyo. Ilimchukua mwaka mzima kuzoea. Mwaka wa pili nilimsikia akimwitikia mkewe kwenye simu, "Abee," na nikajua sasa huyu tumempata.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo mnaikuta ndani ya kompyuta, kwa hivyo nieleze ilivyokuwa. Zabuni ni lile tangazo la ofisi ya umma kwamba yataka viti, au mashuka, au mtu wa kufyeka majani. Wenye biashara huandika bei zao, wakatia ndani ya bahasha, bahasha ikaingia sandukuni. Kwa miaka mingi bahasha za wakubwa ndizo zilizokuwa zikishinda. Ndipo serikali ikatenga fungu la zabuni zake kwa makundi yaliyokuwa yakiachwa nje: wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maana yake, mama mwenye vyerehani vitatu ashindane na mwenziwe mwenye vitatu, si na mwenye kiwanda. Lakini kuingia kwenye fungu hilo sharti uwe na cheti, na cheti hicho hutolewa baada ya mkaguzi kuhakikisha kwamba biashara ni yako kweli. Mkaguzi ndiye mimi.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Maana fungu halijakauka wino, wajanja washaingia. Mtu ana kampuni yake kubwa, aenda aandikisha nyingine kwa jina la mkewe, au la jirani anayetembea kwa magongo, na yule mwenye jina hata hajui anamiliki nini. Sisi tukiziita kampuni za mfukoni, kwa kuwa hazina duka wala chombo, ni karatasi tu ndani ya koti la mtu. Kila moja iliyopita mkononi mwetu ilimnyang'anya mama fulani nafasi yake. Kwa hivyo tulikwenda kuona kwa macho. Tulifika bila kutoa habari, tukauliza, tukaandika.

Na kuandika kwenyewe kulikuwa na sheria moja, ambayo Mkaguzi Mkuu aliirudia mpaka nikaiota. "Andika kile mtu amesema. Usiandike kile umefikiria."

Nilipohamishwa Changamwe sheria hiyo ilinipa jina. Nilifika kwenye karakana moja ya useremala iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke. Nikamkuta mwenyewe amekaa kwenye kiti kipya, buibui la sherehe, hina mbichi mikononi, na mafundi wanampita huku na huku kama mgeni wa harusi. Nikamuuliza mbao zile ni za mti gani.

"Mbao," akasema.

"Najua, dada. Za mti gani?"

"Za mti."

Kisha akaniinamia akaninong'oneza, "Dada, mimi nimeambiwa nije nikae. Hata hiki kiti si changu." Nikaandika maneno yake yote, na kiti nikakitia. Ripoti ile ilisomwa mpaka ofisi kuu. Wakawa wasema Bi Saumu ana jicho, Bi Saumu hadanganyiki. Nami, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa.

Basi nikapelekwa Kisauni, na Mkaguzi Mkuu naye akahamishiwa huko. Nilikuwa sijamaliza mwezi, akaniita akanionyesha barua isiyo na jina. Aliyeiandika alisema nawapitisha watu wa kwetu, watu wa pwani, ati kwa kuwa tunajuana.

"Mimi sijaamini," Mkaguzi Mkuu alisema. "Lakini sasa watu wanaangalia. Chunga."

Ile barua iliniingia. Tangu siku hiyo nikawa mkavu kwa watu wa kwetu kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Mtu akinipa salamu ndefu, mimi najibu kwa ufupi. Nikiletewa chai, siinywi. Nilidhani huo ndio uadilifu.

Jumatatu moja ndio nikafika kwa Bi Mwanahamisi. Alikuwa na chumba cha ushonaji nyuma ya nyumba yake, vyerehani sita, na wanawake sita wakishona. Mumewe, Mzee Athumani, alikuwa mwendesha kreni bandarini hadi nyonga ilipomsumbua. Nilimkuta amekaa kwenye kiti kirefu karibu na mlango, anapiga pasi. Bi Mwanahamisi alikuwa amekwisha kutayarisha bahasha ya zabuni ya mashuka na sare za wauguzi kwa hospitali moja ya umma, na sanduku lilikuwa likifungwa Alhamisi saa sita mchana. Kilichobaki ni cheti.

"Msimu wa sare za shule umekwisha, Bi Saumu," aliniambia. "Nisipopata hii, inshallah nipate, lakini nisipopata, watatu kati ya hawa itabidi niwaambie wakae nyumbani. Na sijui nitaanza na yupi."

Nilitazama makaratasi, yote sawa. Nikafika kwenye swali la nne la fomu, lile kubwa, nikalisoma kama lilivyo. "Biashara hii ni ya nani, na mwenye kauli ya mwisho ni nani?"

Akainamisha macho. "Ni ya Baba Rajabu."

Baba Rajabu ndiye Mzee Athumani, aliyekuwa hatua nne kutoka tulipokaa. Pasi yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Nikauliza tena. "Bi Mwanahamisi, fikiri vyema. Biashara ni ya nani?"

"Ni yake, wallahi. Mimi namsaidia tu."

Na mara ya tatu nikauliza, naye akanijibu vivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la heshima mbele ya wakubwa. Nami nilijua. Hilo ndilo linaloniuma hata leo nikilisema. Nilikuwa mwana wa pwani, nimelelewa na mama aliyekuwa akisema hivyo hivyo, nilijua maana ya jibu lile, na mkono wangu ukaandika: Mwombaji amekiri kwamba biashara si yake. Niliandika alichosema. Nikaenda ofisini nikaigonga fomu mhuri wa kukataa, na aliyekataliwa hukaa miezi sita kabla ya kuomba tena. Chai yake niliiacha mezani ikiwa na kaimati zilizofunikwa kwa kawa.

Kesho yake asubuhi, kabla sijatoka nyumbani, alikuja fundi wa bomba. Tulikuwa twaweka tangi la maji. Akaniuliza, "Mama, tulitie juu ya choo ama upande wa jikoni?"

"Ngoja Baba Mwinyi aamke," nikamwambia. "Nyumba ni yake, ataamua mwenyewe."

Fundi akanitazama. "Lakini Mama, si wewe uliyenionyesha ramani? Na kiwanja si kina jina lako?"

Nilikuwa nimeshika mkoba, niko mlangoni. Nyumba ile nimeijenga mimi, chumba baada ya chumba, kwa mkopo wa chama chetu cha akiba. Mume wangu mwenyewe ndiye wa kwanza kuwaambia watu hivyo. Na bado, tangu siku tuliyohamia, mtu akiniuliza ni ya nani, husema ni yake. Sijawahi hata kufikiri. Ndivyo mwanamke wa kwetu anavyomstahi mumewe mbele ya mtu wa nje, na hakuna anayelichukua neno hilo kuwa ushahidi, isipokuwa mimi, jana yake, na kalamu yangu.

Nilikaa kitako kwenye kizingiti nikahisi uso unaniwaka. Fundi alidhani nimeugua, akaniletea maji.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mkaguzi Mkuu. Nikamweleza yote, la Bi Mwanahamisi na la tangi. Alikoroga uji wake muda mrefu.

"Unataka kukana ripoti yako," akasema.

"Ndiyo."

"Ukikana hii moja, watauliza zile zingine. Na ile barua ya malalamiko itapata miguu. Watasema, unaona, ni mtu wa kwao."

"Najua."

"Na bado unataka."

"Nataka. Nimemkosea yule mama."

Akafunika chupa. "Basi rudi kesho. Lakini Madamu, mimi siwezi kutia sahihi kwa sababu unajua desturi ya watu wako. Mimi siijui hiyo desturi, na ofisi kuu haiijui. Niletee kile amesema. Akisema tena ni ya mzee, tumemaliza."

Basi nikashinda siku ile nikiwaza. Nikimuuliza swali lile lile, jibu ni lile lile. Nikimfunza la kujibu, nimekuwa mwizi. Na nikimtoa mumewe nje ndipo nimuulize, nimemdhalilisha mzee wa watu kwake mwenyewe. Nilikwenda na swali la nne kichwani mpaka nikachoka nalo, ndipo nikaona kosa si jibu, kosa ni swali. Hakuna haja ya kumuuliza mtu kitu ni cha nani. Muulize anakifanya nini.

Jumatano nilipobisha hodi, Bi Mwanahamisi alishapata habari za kukataliwa. Alinikaribisha, kwa kuwa hana adabu nyingine ila hiyo, lakini uso ulikuwa umemfunga.

"Bi Saumu," alisema polepole, "ulitaka niseme nini mbele ya mume wangu?"

"Hukukosea wewe. Nimekosea mimi, na nimekuja kukutaka radhi. Na nina maswali mengine, ukinikubalia."

Alinisogezea kigoda. Mzee Athumani alikuwa pale pale na pasi yake.

Nikashika shuka iliyokuwa mezani. "Kitambaa hiki kimechaguliwa na nani?"

"Mimi. Nilikwenda maduka matano, kingine chote kilikuwa chachuja rangi."

"Fundi akikosea mshono, nani humwambia afumue?"

Hapo vyerehani vikasimama. Wale wanawake sita walitazamana, na mmoja, mnene hivi, mcheshi, akasema, "Uliza pia nani hutufumulisha mara ya pili." Wote wakacheka, na Bi Mwanahamisi naye mdomo ukamlegea.

"Hawa nani aliwaandika kazi?"

"Mimi."

"Na jioni mkifunga, ufunguo hulala wapi?"

Akatia mkono kwenye pindo la leso aliyojifunga, akafundua fundo, ufunguo huo. Nikaandika: ufunguo uko pindoni mwa leso ya mwombaji.

"Na Mzee akisema leo tufunge mapema?"

"Huyu?" Alisahau kabisa kwamba mimi ni ofisa. "Atafunga mdomo wake kwanza. Nina mashuka ya watu hapa."

Mzee Athumani akaiweka pasi chini. "Bi Saumu," akasema, "nami niandike. Mimi hapa ni mpiga pasi. Hata mkasi mzuri sipewi, ati nautia kutu. Juzi nilimsikia akisema duka ni langu, na nilijua anasema hivyo kwa kunistahi. Nilitaka kusema si kweli. Lakini nikaona, nitamkanushaje mke wangu mbele ya mgeni, aonekane mwongo? Nikanyamaza."

Bi Mwanahamisi akageuka akamtazama. "Kumbe ulisikia?"

"Nilisikia. Nikawa nakustahi nami."

Nilicheka, na machozi yakanitoka hapo hapo. Yeye amtukuza mumewe, mumewe amlinda asifedheheke, na baina ya heshima zao mbili wanawake watatu walikuwa wapoteze kazi. Nimekaa pwani maisha yangu yote na sijaona kosa lililo la kwetu zaidi kuliko hilo. Siku hiyo chai niliinywa, vikombe viwili, na kaimati nikapewa nyingine za kwenda nazo.

Alhamisi asubuhi niliweka mbele ya Mkaguzi Mkuu ripoti ya kurasa nne, juu yake karatasi ya kukana ile ya kwanza. Bi Mwanahamisi alikuwa nje kwenye benchi, bahasha mapajani, miguu imebanana. Mkaguzi Mkuu alisoma neno kwa neno.

"Hii ya ufunguo," akasema, "uliona kwa macho?"

"Alifundua leso mbele yangu."

"Na huyu anasema mume afunge mdomo?"

"Ndivyo alivyosema. Nimeandika kile amesema."

Alicheka mpaka akafuta macho. Akasaini, akatoa cheti, na cheti akakitoa nje mwenyewe akampa Bi Mwanahamisi kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya kabla. Bahasha iliingia sandukuni saa tano na nusu. Zabuni iligawanywa mara mbili: sehemu ya sare hakuipata, aliyeshinda alikuwa mama mwingine wa Kiembeni, na mshono wake nilikuja kuuona, mzuri. Ya mashuka aliipata. Hakuna aliyekaa nyumbani.

Nami niliandikiwa barua ya kujieleza na ofisi kuu. Ripoti zangu zote za mwaka zilifunguliwa upya, moja moja, na kwa muda wa miezi mitatu nilikaa dawatini bila kuruhusiwa kutoka. Mkaguzi Mkuu hakuniacha peke yangu. Alipeleka yale maswali yangu juu, akaeleza, akapigana, na mwishowe yakaandikwa kwenye mwongozo wa wakaguzi: usiulize ni ya nani, uliza nani huchagua, nani hufumulisha, nani hulala na ufunguo. Hata wale wa mfukoni tukawakamata zaidi kwa maswali hayo, maana mtu anaweza kufunzwa kusema "ni yangu", lakini hawezi kufunzwa kukasirikia kitambaa kinachochuja. Mkaguzi Mkuu alistaafu mapema kuliko mimi akarudi kwao. Kila Idd hunipigia simu, na nikimuita jina huitika, "Abee."

Zamu yangu ya kustaafu ilipofika walinifanyia hafla pale pale Kisauni. Viti vya kukodi, pilau, maofisa wapya wenye simu mikononi. Msimamizi wa sasa, kijana hodari, akaeleza habari za yale maswali, akasema sasa yatumika pwani nzima. Akanipa kipaza sauti.

Nilisimama nikasema yaliyonijia. Nilisema nashukuru. Nilisema vijana watembee, wavae viatu vya kutembea. Nilisema mlango wa mtu uupigie hodi na usubiri, na chai uinywe, na kwamba mtu akikujibu kwa adabu usimwadhibu kwa adabu yake. Na yale maswali, nikasema, yalikuwa ya Mkaguzi Mkuu, mimi nilikuwa mwandishi tu. Wakapiga makofi.

Mkono ukainuliwa nyuma. Alikuwa Bi Mwanahamisi, amekuwa mtu mzima sasa kama mimi, ana fimbo. Mzee Athumani alikuwa kando yake, na kanzu yake imepigwa pasi ikanyooka.

"Bi Saumu, samahani," akasema. "Nina maswali, ukinikubalia. Siku ile ya Jumatano, aliyekuja kwangu kunitaka radhi alikuwa nani?"

"Mimi," nikasema.

"Aliyeniuliza ufunguo walala wapi?"

"Mimi."

"Na aliyekana ripoti yake mwenyewe, kazi yake ikawa hatarini, nani?"

Nilitazama chini. Niliona haya kama msichana aliyeletewa posa. Baba Mwinyi, aliyekuwa mstari wa mbele, alikuwa akitikisa kichwa na kucheka kimya kimya, maana ananijua.

"Nilikuwa mimi," nikasema.

"Basi maswali hayo ni ya nani?"

Kipaza sauti kilikuwa mkononi, lakini nilikuwa nimekishusha. "Ni yangu," nikasema.

Bi Mwanahamisi akaketi taratibu, akaweka fimbo mapajani. "Huku nyuma hatukusikia," akasema. "Rudia."

Nikakiinua kipaza sauti nikarudia.